Mimea ya Tangi la Mume Wangu

Wiki mbili kabla mume wangu hajafariki aliniuliza mimea yake ikoje. Yeye alikuwa amelala chumbani na tangi la samaki lilikuwa sebuleni, na katikati kuna pazia tu. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda namkanda miguu, kwa sababu ilikuwa inavimba. Nikamwambia, "Iko vizuri. Imestawi." Sikuwa nimeiangalia kwa siku nyingi. Nilisema hivyo kwa kuwa nilikuwa nimechoka, na kwa kuwa hilo ndilo jibu analopewa mgonjwa. Akashukuru, akafumba macho.

Tulipomaliza matanga, watu wakaondoka na turubai likashushwa, nilivuta kiti nikakaa mbele ya lile tangi. Mimea haikuwa imestawi. Ilikuwa inakufa, na ilikuwa imeanza kufa zamani, hata kabla ya siku ile aliyoniuliza. Mtu yeyote mwenye macho angeona. Nikaamua kwamba nitaifanya istawi. Yeye hataiona, hilo nilijua. Lakini sikutaka jambo la mwisho la maana aliloniuliza libaki na jibu la uongo.

Mimi ni mkulima wa Ihembe, nina kibanja cha migomba na kahawa, na nimesoma mpaka darasa la saba. Mume wangu alizaliwa Nyakatuntu, akafanya kazi miaka mingi kwenye nyumba ya wageni Kayanga. Pale mapokezi kulikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa mapambo, na kazi ya kulisafisha walimpa yeye. Nyumba ile ilipouzwa, mwenye mali mpya alitaka televisheni mahali pale, akamwambia alichukue. Alilileta nyumbani juu ya pikapu, amekaa nyuma amelikumbatia njia nzima ili lisigonge.

Sikulifurahia. Lilichukua nafasi ya kabati. Nilikuwa nawaambia majirani mbele yake kwamba mume wangu siku hizi analima ndani ya maji, nao wanacheka. Yeye alijibu kwamba shamba lake halihitaji jembe wala halimuumizi mgongo, kisha anaendelea kukwangua kioo na kitambaa.

Mimea yenyewe ilikuwa ya aina mbili. Mmoja una majani marefu membamba kama utepe, aliutoa kwenye kinamasi karibu na kwao. Mwingine una majani mapana yanayotoka chini kwa pamoja kama mchicha mkubwa, dereva mmoja alimletea kutoka Mwanza ukiwa umefungwa kwenye gazeti lenye maji. Huo wa majani mapana ndio aliokuwa anaupenda zaidi. Samaki walikuwa kumi na mmoja, wadogo kuliko kidole changu cha mwisho, wenye mikia kama vipande vya kitenge.

Siku ile nilipokaa mbele ya tangi, majani ya utepe yalikuwa yanaoza kuanzia kwenye ncha, mengine yamekuwa laini kama mlenda na kukatika yenyewe. Majani mapana yalikuwa ya njano, na yana matundu madogo kana kwamba mtu ameyachoma na sindano.

Nikafanya kile ambacho mtu mwenye kibanja hufanya. Kwetu mgomba wenye majani makavu yanayoning'inia ni aibu ya mwenye shamba. Anayepita njiani anaona, na kanisani anasema. Jani likianza kuwa la njano unalikata, unaliweka chini ya shina, mgomba unapumua. Basi nilichukua kisu cha jikoni, nikaingiza mkono kwenye maji mpaka kwenye kiwiko, nikakata kila jani lililogeuka rangi. Mimea ikabaki michache lakini misafi. Niliridhika. Baada ya wiki moja majani mengine yakawa ya njano, nikakata. Wiki iliyofuata, nikakata tena. Mmea wa majani mapana, ambao ulikuwa na majani kumi na moja au kumi na mawili, ukabaki na matano.

Nikafikiri kwamba umekosa mbolea. Kwenye migomba, majani ya chini yakikauka pembeni tunamwaga majivu, na tumefanya hivyo tangu wazazi wetu. Nikachukua vijiko vitatu vya majivu ya jikoni nikakoroga kwenye tangi. Maji yakawa kama uji. Asubuhi yake samaki sita walikuwa wanaelea. Sikuwazika wala sikulia. Niliwatupia kuku, nikaenda kupalilia kahawa.

Wiki hiyo hiyo wifi yangu alikuja kunijulia hali. Ni dada wa mume wangu, aliyemfuata kuzaliwa, anaishi Nyakatuntu, na mdomo wake haujawahi kupumzika tangu nimfahamu. Aliingia, akatoa ndizi alizobeba, akasogea kwenye tangi, akaangalia maji yale ya kijivu na wale samaki watano waliobaki juu wakihema.

"Wifi," akasema, "siku hizi mnapika samaki wakiwa bado hai?"

Nilicheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Tukashirikiana kutoa maji kwa ndoo na kuweka mengine ya mvua, kutoka kwenye pipa la pembeni ya nyumba. Akanishauri nisijitese. Samaki nimpe mwenye bwawa, tangi niweke vifaranga, kwa sababu kioo kinashika joto. Halafu akaniuliza kama kaka yake aliwahi kulizungumzia alipokuwa mgonjwa. Nikasema aliniuliza, na nikamwambia mimea iko vizuri. Nikaishia hapo. Yeye akasema basi nisitoe tangi, maana kaka yake alikwenda akijua limeachwa kwenye mikono salama. Nilimsindikiza mpaka barabarani kupanda bodaboda, na sikumwambia yaliyobaki.

Siku ya soko nikaenda Kayanga. Niliponunua chumvi na sabuni niliingia kwenye duka la pembejeo. Anayeuza ni binti aliyesomea kilimo, mtulivu, huwa anauliza maswali kabla ya kukuuzia kitu, na wengine hawampendi kwa sababu hiyo. Alinipa shikamoo, nikamwambia mimea yangu inageuka njano na nataka mbolea. Akauliza ni migomba au kahawa. Niliona aibu, lakini nikasema ni mimea ya kwenye tangi la samaki.

Mzee mmoja aliyekuwa anachagua mbegu za mahindi akageuka. "Na siku ya kupiga dawa, mama, utavaa buti au utaogelea?"

Watu wakacheka, hata mimi. Yule binti hakucheka sana. Aliuliza, "Yanayoanza kuumwa ni majani ya zamani au machanga?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa nimeyakata yote kabla sijajua ni yapi.

Alinieleza taratibu, na nitaandika nilivyoelewa. Mmea una vyakula vya namna mbili. Kuna vile ambavyo unaweza kuvihamisha ndani ya mwili wake, na vile ambavyo vikishakaa kwenye jani havitoki tena. Chakula kinachohamishika kikipungua, mmea unakitoa kwenye majani ya zamani na kuyapelekea machanga. Kwa hiyo jani la zamani linakuwa la njano, linatoboka, linakauka, na jani changa linabaki zima. Chakula kisichohamishika kikipungua, ni kinyume chake. Jani la zamani linabaki na kijani chake, na changa linazaliwa likiwa na njaa. Ukijua ugonjwa umeanzia wapi, nusu ya jibu umeshalipata.

Nikamwambia nimekuwa nakata yale ya njano kila wiki, kama migomba.

"Mgomba una shina limejaa chakula, mama, na una udongo," akasema. "Huo wako, akiba yake ni yale majani. Ukilikata kabla halijamaliza kutoa, umeunyang'anya."

Kisha akauliza maji natoa wapi. Nikasema ni ya mvua, safi kabisa, kutoka kwenye bati. Akauliza kama mume wangu naye alitumia hayo. Hapo nikakumbuka dumu.

Mume wangu alikuwa na baiskeli, na kila Jumamosi aliisukuma kutoka kisimani, chini kwenye mikaratusi, ikiwa na dumu la lita ishirini. Ni mlima. Mimi nilikuwa namcheka, kwa sababu pipa la mvua lilikuwa limejaa hatua nne kutoka mlangoni, na maji ya kisima kile hakuna anayeyataka. Maharage hayaivi upesi, sabuni haitoi povu, na birika linafanya ukoko mweupe ndani. Nadhani alinieleza sababu yake. Siikumbuki, maana yake sikusikiliza. Alipougua na kushindwa kusukuma baiskeli, mimi ndiye niliyeanza kujazia tangi, na nilijazia maji ya mvua. Miezi saba.

Binti akasema ule ukoko mweupe ndio chakula chenyewe. Maji ya mvua hayana kitu ndani yake. Mmea wa shambani hauoni shida, unakula udongo, lakini wa kwenye tangi unakula maji. Alinipimia potashi kidogo kwenye karatasi, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, akaniambia niiyeyushe kwenye chupa ya soda na niweke kifuniko kimoja tu kwa wiki. Majivu nisiguse tena. Yana potashi ndani yake, hilo ni kweli, lakini yanafanya maji kuwa makali na ndiyo yaliyoua samaki. Na kwanza, kabla ya yote, nikae wiki mbili bila kukata kitu, niangalie tu, niandike.

Nilitafuta daftari la zamani la watoto wetu, ambao sasa wako mbali kwa kazi zao, nikaandika kila jioni baada ya kufunga mbuzi. Sijawahi kuangalia kitu kwa namna hiyo. Miaka ishirini na tisa niliyokaa na mume wangu, sikuwahi kumwangalia hivyo hata yeye, mpaka alipougua. Niliandika: jani la nje, njano pembeni, matundu manne. Jani la pili, matundu mawili. Jani la katikati, zima. Baada ya wiki mbili ilikuwa wazi hata kwangu. Ugonjwa ulikuwa unatoka nje kuja ndani, yaani kutoka kwa majani ya zamani.

Nikaanza kwenda kisimani. Baiskeli siwezi, nilibeba ndoo kichwani. Binti alikuwa amenionya nisibadilishe maji yote kwa mara moja, samaki watashtuka, kwa hiyo kila Jumamosi nilitoa theluthi na kuweka ya kisima, na kifuniko kimoja cha potashi. Jirani mmoja aliniona napandisha ndoo akauliza kama pipa langu limetoboka. Nikamwambia hapana, haya ni ya mimea. Aliniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtu aliyefiwa ambaye hajakaa sawa. Labda alikuwa sahihi. Niliendelea.

Mwezi wa kwanza sikuona tofauti, nikataka kuacha. Nilikuwa naangalia yale majani yaliyotoboka nikisubiri matundu yazibe. Hayazibi. Hilo hakuna aliyeniambia, nililigundua mwenyewe, na nililigundua kwa kuchelewa. Jani lililoharibika haliponi hata ukilipa kila kitu. Unachotakiwa kuangalia ni lile linalokuja baada yake. Nilipoacha kuangalia ya zamani nikaona kwamba mimea ya utepe ilikuwa imeacha kuoza, na pembeni ya mmoja kulikuwa na mtoto, majani matatu, urefu wa kidole, hayana alama.

Lakini ule wa majani mapana, ule aliokuwa anaupenda, ulitoa jani jipya ambalo lilinitisha. Lilikuwa jeupe kuelekea njano, kama karatasi iliyokaa juani, na mishipa tu ndiyo ya kijani. Likafuata la pili, jeupe zaidi. Yale ya zamani yalikuwa yametulia, yana kijani chao.

Nililitambua. Kwenye kahawa yetu, miti iliyo karibu na kichuguu hufanya vilevile, majani ya juu yanakuwa meupe na mishipa inabaki kama wavu. Bwana shamba aliwahi kutuambia ni upungufu wa madini ya chuma. Nikakata kipande cha jani, safari hii nikiwa na sababu, nikakifunga kwenye kitambaa kibichi, nikapanda gari la Kayanga.

Binti alikiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Kabla hajasema nikamwambia, "Huu ni upungufu wa chuma. Majani ya zamani yanacho, lakini hayawezi kuyapa machanga."

"Umeshakuwa bibi shamba," akasema.

Nilitabasamu, lakini njiani kurudi ile sentensi yangu mwenyewe ilinikalia vibaya. Mume wangu alipokuwa anaisha mimi nilikuwa mzima. Nina nguvu, nina damu, nakula ninashiba, na hakuna hata kidogo kilichoweza kutoka kwangu kwenda kwake. Nilikaa dirishani nikageuza uso nje mpaka Ihembe. Sitaki kuongeza neno juu ya hilo.

Kule dukani binti alikuwa na dawa ya kunyunyizia kahawa yenye chuma ndani, lakini alinisomea karatasi yake na kunionyesha kwamba ina shaba pia, kama ile dawa ya buluu ya kahawa, mrututu, na shaba inaua samaki na konokono. Hakuniuzia. Aliniuliza udongo wa nyumbani una rangi gani. Nikamwambia mwekundu, kama wote wa huku. Akasema wekundu ule ndio chuma. Mmea wa majani mapana kama huu unakula kwa mizizi zaidi kuliko kwa maji, kwa hiyo nifinyange udongo mwekundu wa chini, usio na mbolea wala majani, niukaushe, niusukume chini ya changarawe karibu na mizizi.

Udongo mwekundu wa karibu zaidi ulikuwa ule uliobaki pembeni ya kaburi la mume wangu, katikati ya migomba. Walipochimba walifika chini sana, na lundo dogo bado lipo. Nilisimama pale na bakuli. Kisha nikapita, nikaenda kuchimba kwenye ukingo wa barabara.

Nilifinyanga vidonge vya ukubwa wa buni, nikavianika kwenye wavu wa kahawa siku tatu. Nikavisukuma kwa kidole, sita, kuzunguka shina. Maji yalichafuka mchana mzima na nilikaa karibu, nikiwaza wale samaki sita. Jioni maji yalitulia na samaki walikuwa wazima. Siku hizo walikuwa wameshazaa, sikujua hata wako wangapi.

Ilichukua karibu wiki nne. Jani jipya lilitoka katikati likiwa limejiviringisha kama jani la mgomba linavyotoka, lina wekundu kidogo. Sikuandika kitu siku hiyo, niliogopa. Lilipofunguka lilikuwa la kijani, kijani kimoja kuanzia kwenye kikonyo mpaka kwenye ncha. Yale mawili meupe yapo mpaka leo, hayakubadilika. Nimeyaacha.

Wifi alikuja tena tulipofanya sala ya kumaliza mwaka wa msiba. Watu walipokuwa wamekwenda kula nje, alibaki sebuleni. Nilimkuta ameinama mbele ya tangi, mikono kwenye magoti. Maji yalikuwa meupe, utepe umejaa upande mmoja wote, na mmea wa majani mapana ulikuwa na majani tisa. Alinisifu. Aliwasifu hata samaki. Kisha akasema kwamba ni jambo zuri kaka yake alikufa akiwa ameambiwa kweli.

Ningeweza kukaa kimya. Mimea ilikuwa imestawi, mtu yeyote angeona, na maneno niliyomwambia mume wangu sasa yalikuwa yanafanana na kilichokuwa ndani ya kioo. Mwaka mzima nilifikiri kwamba yakifanana nitakuwa nimemaliza. Hayakutosha. Siku ile aliyouliza haikuwa siku hii.

"Hapana, wifi," nikamwambia. "Aliponiuliza sikuwa nimeangalia. Ilikuwa inakufa, nami nikasema imestawi."

Hakugeuka. Aliendelea kuangalia samaki.

"Mimi nilimwambia atapona," akasema. "Nilikuwa nimetoka kuongea na daktari."

Nikavuta kiti cha pili. Nje walikuwa wanaita watu waje kula. Akaniuliza jani jipya ni lipi kati ya yale, nikamwonyesha.